Mgeni wangu anataka aina thelathini za samaki kwa fimbo ya flai hapa Kigoma. Nimkubalie?

*Swali: "Nina boti ya mbao yenye injini ya farasi 15 hapa Kibirizi, nabeba abiria na mizigo ya vijiji vya kaskazini. Mjerumani mmoja niliyewahi kumpeleka Gombe ameniandikia kwamba anarudi Septemba kwa siku sita, safari hii na fimbo yake ya flai. Hatafuti samaki mkubwa. Anataka aina nyingi kadiri inavyowezekana, na ametaja thelathini. Wazee mwaloni wamenicheka, wanasema ndoano ya manyoya isiyo na chambo ni kuchezea maji, samaki wa Tanganyika wanataka taa na wavu. Rafiki yangu anasema nisipoteze muda ziwani, nimpeleke mto Malagarasi kwenye samaki wa meno. Mimi mwenyewe sijawahi kuvua kwa fimbo. Naogopa kupokea hela ya mtu halafu arudi kwao na aina tatu. Niipange vipi hii safari, na kuna vibali gani natakiwa kuwa navyo?"*

Mdogo wangu, anayeogopa kula hela ya mtu bila kumpa alichokifuata ndiye hasa anayefaa kuongoza wageni, kwa hiyo kwa hilo tulia. Unauliza kama manyoya yanashika samaki ziwani, kama Malagarasi ni bora kuliko ziwa, na kama sheria inakuruhusu. Manyoya yanashika. Kuhusu mahali, siku tano kati ya hizo sita ningezimalizia karibu na Kigoma, na mafuta mengi yangebaki kwenye dumu. Thelathini usiiahidi. Mvuvi mzoefu wa flai akitoka na aina kati ya kumi na mbili na ishirini kwa siku sita, mimi nitasema amevua vizuri sana, na kama ni mtu anayeijua kazi hiyo atakubaliana nami.

Wazee wako wana haki nusu. Kwa dagaa, taa na wavu ndiyo njia, hakuna ubishi. Dagaa anakula vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini, huwezi kuvifunga kwenye ndoano. Ila waulize kwa heshima wale wanaovua mgebuka kwa mshipi wamefunga nini kwenye ndoano zao. Utakuta manyoya ya kuku au uzi unaong'aa. Mgebuka anafukuza dagaa na lumbu, samaki wadogo wa maji makuu, akiona kitu chembamba cheupe kinaruka majini hasubiri kukinusa. Flai ya mgeni wako ni jambo lile lile, tofauti ni namna inavyofika kwa samaki.

Na tofauti hiyo uielewe vizuri, maana ndiyo itakayopanga safari nzima. Katika mshipi wetu wa kawaida, jiwe au risasi ndiyo inayobeba ndoano kwenda mbali na kwenda chini. Kwenye flai, ndoano haina uzito wowote wa maana. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi anaurusha nyuma na mbele hewani mpaka unyooke, ndipo ndoano inaufuata. Faida yake ni kwamba unaweza kutua kitu kidogo kama mbu juu ya maji bila kishindo, mbele ya samaki ambaye risasi ingemkimbiza. Hasara yake ni kina. Hata mishipi ya kuzama iliyo mizito kati ya ile inayotumika sana hushuka takribani sentimita 15 kwa sekunde. Mita 6 ni sekunde 40. Mita 20 ni zaidi ya dakika mbili za kungoja, boti ikiwa imetulia palepale, na kila upepo unapoisogeza ule mshipi unapanda tena. Kwa hiyo samaki wote wanaokaa chini ya mita 15 hivi wahesabu kuwa wa wengine. Hapo ndipo thelathini inapoanza kupungua, wala si kwa sababu ya manyoya.

Sasa kwa nini mgeni ameota namba kubwa namna hiyo? Amesoma, na alichosoma ni kweli. Tanganyika ina umri wa mamilioni ya miaka, kina chake kinafika takribani mita 1,470, na ndani yake kuna zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege peke yake, karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Lakini hawakutapakaa ovyo. Chini ya mita 100 hadi 200 maji hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wamebanwa kwenye ukanda mwembamba wa juu, na karibu na ufuko samaki wamegawana ukanda huo kwa chakula. Kuna wanaokwangua ukungu wa kijani kwenye mawe. Kuna wanaochuja mchanga, wanaochokonoa wadudu kwenye nyufa, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wanaokula samaki wenzao. Wapo hata wanaokula magamba ya wengine: Perissodus microlepis mdomo wake umepinda, kuna waliopinda kushoto na waliopinda kulia, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa samaki anayemwinda.

Maana yake kwako ni kwamba jabali moja lenye mteremko mzuri linaweza kuwa na aina nyingi kuliko kilomita thelathini za ufuko wa mchanga mtupu. Ukitaka kuongeza aina usiwashe injini kwenda kijiji kingine. Badilisha sakafu, badilisha kina, badilisha saa. Wengi wanaopeleka wageni kuvua hukosea hapa: asubuhi wanakimbia mbali, mchana wanakimbia mbali zaidi, na jioni wamepita juu ya sakafu ileile mara tano.

Nikupe mfano wa asubuhi moja, ukianzia kwenye mawe ya upande wa Bangwe au kuelekea Katonga, kabla jua halijapanda. Juu kabisa, kwenye kivuli cha majabali, utaona kundi la samaki wembamba wenye madoa ya bluu yanayometa. Hao ni Lamprichthys tanganicanus. Midomo yao midogo, flai iwe ya ndoano namba 16 au ndogo zaidi (namba ikipanda, ndoano inapungua), ikokotwe polepole chini kidogo ya uso wa maji. Mita mbili tatu chini, kati ya mawe, wako wawindaji wadogo wa jamii ya Lepidiolamprologus. Hawa ni wakali, wanaifuata flai ya manyoya meupe hadi ubavuni mwa boti, na kama mgeni anajua kazi yake hapo atafungua hesabu yake mapema. Lobochilotes labiatus, yule mwenye midomo minene kama amevimba, anatafuta kaa na wadudu kwenye nyufa. Kwake flai iwe ya rangi ya udongo, iguse jiwe, itulie, isogee kidogo. Mahali mawe yanapokutana na mchanga simama muda mrefu. Mpaka huo una watu wa pande zote mbili. Ukisogea kwenye majani ya maji, hasa karibu na mdomo wa kijito, utapata wengine kabisa, kama Ctenochromis horei, na vifaranga vya sangala wanaojificha humo kabla hawajakua na kwenda maji makuu.

Wale wanaokwangua mawe, jamii ya Tropheus na Petrochromis, utawaona kwa mamia na mgeni atasisimka. Mwambie mapema kwamba kwa flai ni wagumu. Midomo yao imeumbwa kukwangua, hawafukuzi kitu. Mmoja mmoja hushambulia flai kwa hasira ya kulinda eneo lake, basi. Wanaoishi kwenye makombe awaache kabisa. Ni wadogo kuliko kidole, na kuwatoboa kwa ndoano ili kuongeza namba kwenye daftari mimi nauona ni utoto.

Chagua mteremko wenye miti juu yake. Mlima uliokatwa miti na kulimwa hadi chini humwaga udongo ziwani kila mvua, udongo unafunika mawe, ukungu wa kijani unakufa, wadudu wanakosa nyufa, na samaki wanapungua aina hata kama maji yenyewe kwa Septemba yanaonekana safi. Ndiyo maana sikushauri upoteze muda ndani kabisa ya ghuba karibu na bandari.

Kuhe atataka kumpata, na yuko sahihi kumtaka. Ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya perege humu ziwani, anawinda, anapiga flai kubwa ya rangi ya dagaa kwenye mchanga wa kati ya mawe. Ila ukiona kuhe wawili wametulia juu ya sakafu wamezungukwa na wingu la vifaranga, geuza boti. Baba na mama wote wanalinda. Ukimwondoa mmoja hata kwa dakika tano za kupiga picha, wawindaji waliokuwa wakisubiri pembeni wanaingia, na ukimrudisha anarudi kwenye nusu ya watoto au pasipo na mtoto.

Sangala na nonzi ni suala la bahati. Hapa umweleweshe mgeni, maana wageni wengi wanachanganya: sangara anayemjua yeye kutoka Ziwa Victoria ni Lates niloticus, aliyepandikizwa kule miaka ya 1950. Wa kwetu ni ndugu zake, aina nne za Lates ambazo ni za Tanganyika tu, mgebuka akiwa mmojawapo. Wakubwa wamepungua sana karibu na ufuko kwa miaka mingi ya kuvuliwa, na wengi wako vinani. Akimpata mmoja alfajiri kwenye ukingo wa mteremko, chinja kuku. Usimpangie siku nzima.

Kwa mgebuka ndiyo utawahitaji wazee waliokucheka. Usiku usio na mbalamwezi, kipe, yaani chombo cha wavuvi wa dagaa, kikiwasha taa, dagaa wanakusanyika, na mgebuka wanakuja nyuma yao, pamoja na wale samaki warefu wa fedha wa jamii ya Bathybates wanaowinda dagaa. Ukifunga boti yako pembeni kwa ruhusa ya mwenye kipe, mgeni akaingiza flai nyeupe ya sentimita sita hivi ukingoni mwa mwanga, pale mwanga unapogeuka giza, katika usiku mmoja anaweza kuongeza aina mbili tatu ambazo mchana asingeziona. Angalia kalenda ya mwezi kabla hajakata tiketi. Mwezi mpevu ukiangukia katikati ya siku zake sita, vipe vingi vitakuwa vimelala na usiku huo hautakuwepo. Mwenye kipe mlipe kwa kukuruhusu, hata kama atakataa mara ya kwanza, na flai isikaribie wavu wake. Na usiende peke yako na injini moja ya 15. Pangeni boti mbili, au mfuatane na wavuvi wanapotoka na wanaporudi. Msipeperuke kuelekea magharibi mkajikuta upande wa Kongo.

Sasa Malagarasi. Rafiki yako hajakosea kwamba kuna samaki wa meno, Hydrocynus vittatus, na kwamba ni samaki wa kusisimua kwenye flai. Lakini naona kuna mchanganyiko. Wale samaki wa meno wakubwa ambao wageni wanawaona kwenye picha za Tanzania ni wa Mnyera na Ruhuji, matawi ya Kilombero, huko kusini mwa nchi, ambako kuna hata aina nyingine, Hydrocynus tanzaniae. Mgeni akija Malagarasi na picha hizo kichwani utakuwa umemuuzia kitu usichonacho.

Kinachonivutia mimi kwenye Malagarasi ni kingine. Wanasayansi wengi wanaona mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe, kwamba ulikuwa ukitiririka kwenda Kongo kabla bonde la ufa halijafunguka na kuukata. Ndiyo maana samaki wake hawafanani na wa ziwani. Kuna kamongo, Citharinus, Distichodus, perege wake mwenyewe Oreochromis malagarasi, na mdomoni mwa mto yuko hata Tetraodon mbu, yule anayejijaza kama mpira, ambaye nyama yake isiliwe kabisa kwa sababu ya sumu. Kwa mtu anayehesabu aina, siku moja hapo inaongeza majina ambayo ziwa haliwezi kumpa.

Lakini ipime kwa haki. Kutoka Kibirizi hadi upande wa Ilagala, boti yako itakula karibu nusu siku kwenda tu, upepo ukiwa mwema. Maji ya mto yana tope kuliko ya ziwa, na flai ni chambo kinachotegemea kuonekana, hakina harufu. Kambale na kamongo wanavuliwa kwa harufu, kwa flai utakesha. Wengine hapo wanakula matope na majani, hawana sababu ya kufukuza manyoya. Kisha kuna mamba na viboko, na mvuvi wa flai ana tabia ya kutaka kushuka na kusimama majini hadi magotini. Malagarasi hashuki. Ukiwa na siku sita, mpe mto siku moja, ya nne au ya tano, mwende kwa gari hadi Ilagala alfajiri na mkodi mtumbwi wa mwenyeji anayejua viboko wanalala wapi. Septemba mto uko chini na hilo linasaidia. Akiwa na siku nne tu, ningeuacha mto kabisa.

Mambo ya boti nayo yaseme mapema, maana wewe hujazoea mtu anayerusha ndoano nyuma ya kichwa chake. Mgeni akae omo, wewe tezi kwenye injini, na katikati pasiwe na mtu mwingine. Kama anarusha kwa mkono wa kulia, geuza boti upepo utoke kushoto kwake, ili mshipi usukumwe mbali na miili yenu. Vaa kofia na miwani, ya jua ya bei rahisi inatosha, na mwombe abane kwa koleo vile vimiba vya ndoano zote, vile vijiba vinavyozuia ndoano isichomoke. Kupunguza kupeperuka, funga ndoo kwa kamba uiachie majini. Inaburuta na boti inakwenda taratibu. Upepo wa kusini-mashariki unaanza kulegea kufikia Septemba lakini haujaisha, kwa hiyo kazi ya mawe iwe alfajiri hadi saa nne, mchana mpumzike, mrudi saa kumi jioni.

Kuna jambo litakalowakera watu mwaloni: mzungu anavua samaki kisha anamrudisha majini. Waeleze tangu mwanzo kwamba anahesabu na kupiga picha, asionekane anachezea riziki. Mimi ningepatana naye kwamba mgebuka na wengine wa kuliwa wanaovuliwa kwa wingi wabaki, waliwe au wapewe waliowasaidia, na wa mawe warudi. Kurudisha kwenyewe kuna utaalamu. Samaki wa jamii ya perege, na sangala pia, wana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutokea. Katika mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya juu. Ukimvuta haraka, hewa ile inatanuka mara tatu tumboni mwake, macho yanatoka, utumbo unasukumwa mdomoni, na ukimwachia anaelea tumbo juu mpaka mwewe amchukue. Wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo hapa Kigoma wanalijua hili, ndiyo maana huwapandisha kwa hatua. Wavuliwe kwenye kina kisichozidi mita nane hivi kama nia ni kuwarudisha. Mikono iwe imeloa, picha ipigwe samaki akiwa ndani ya beseni la maji. Na akitokea jike anayetema mayai au vitoto mdomoni, maana wengi hulelea mdomoni, arudishwe sekunde hiyohiyo bila picha.

Kuhesabu aina ni kazi ngumu kuliko kuzivua. Tropheus duboisi akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe, akikua ana kichwa cha bluu na mkanda mmoja. Mtu atawaandika wawili. Kinyume chake, aina ileile hubadilika rangi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Kila samaki apigwe picha ya ubavu mapezi yakiwa wazi, na wewe uandike mahali, sakafu na kina. Kisha jioni msibishane, nenda na picha ofisi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Kigoma uwaombe msaada. Hao ndio wanaowajua. Asichukue samaki hai wala aliyekaushwa kwenda naye kwao. Usafirishaji una vibali vyake, na akishikwa uwanja wa ndege jina litakalotajwa ni lako.

Upande wa sheria, hapa usinisikilize mimi peke yangu. Nenda kwa miguu yako. Anza kwa ofisa uvuvi wa Manispaa, na wa Halmashauri ya Uvinza kama mtakwenda Malagarasi, uulize leseni ya mgeni anayevua kwa burudani na ada ya mwaka huu. Ulizia pia ratiba ya kufunga ziwa. Mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na mgeni asikate tiketi kabla hujajua tarehe za mwaka wake. Njia yako ya kila siku inapita mbele ya Gombe: huko ni hifadhi ya taifa, fimbo ibaki kwenye mfuko mpaka mmepita, na Mahale vilevile, ambako hifadhi inaingia hadi ndani ya ziwa. Huko TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ndio wa kuulizwa. Boti yako ya abiria ikaguliwe na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kwa kazi hii mpya, jaketi okozi ziwe za kila mtu. Na kwa kuwa unapokea malipo ya kumtembeza mtalii, ulizia leseni ya biashara ya utalii. Kama bado huna, njia rahisi ni kufanya safari hii chini ya kampuni ya hapa yenye leseni, wewe ukiwa mwenye boti. Wajulishe na viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, wa mwalo mnaokwenda.

Afya, nitaje yale ambayo hayasubiri. Ndoano ikiingia kidoleni na mmebana kimiba, hutoka kwa kuivuta ilikopitia. Ikiwa na kimiba na imezama, au iko karibu na jicho, msiivute, kateni mshipi na mwende hospitali ya Maweni. Akishika kambale mnene, laini, wa kijivu, asiye na pezi la mgongoni la kawaida, asimguse kwa mkono: yuko kambale wa umeme humu, na anapiga kweli. Kwenye mawe yuko pia nyoka wa majini jamii ya swila. Hana ugomvi na boti, ila mkono usiingizwe kwenye nyufa. Kichocho kipo kwenye fuko zilizotulia zenye majani na konokono. Kama mgeni ataingia majini huko, mwambie akapime wiki sita hadi nane baada ya kurudi kwao hata akijisikia mzima, na homa ikimpata kabla ya hapo amwambie daktari wake alikuwa Tanganyika, apimwe na malaria.

Kuhusu hela, dawa ya hofu yako ni kulipwa kwa siku, si kwa aina. Siku ya boti, mafuta kando, mwenye kipe kando, gari la Ilagala kando, na sehemu ya malipo itangulie kabla hujanunua mafuta. Wiki moja kabla hajafika, toka alfajiri moja na mzee mmoja wa mshipi mzunguke mawe hayo niliyoyataja mkiwa mmezima injini, uangalie tu. Maji ya Tanganyika yakiwa safi unaona mita kumi chini na zaidi. Wewe utakuwa macho yake, yeye atarusha.

Na mwandikie leo kwamba alete fimbo mbili, ya namba 5 kwa wadogo na ya namba 8 kwa kuhe na mgebuka, mshipi wa kuelea na wa kuzama kwa kasi, flai nyingi ndogo za namba 12 hadi 16 kuliko alizopanga, na waya mfupi kwa siku ya mto. Mweleze kwamba unamhakikishia mawe, boti na usiku mmoja wa taa kama mwezi utaruhusu, na kwamba namba ataitafuta mwenyewe. Akikubali kwa masharti hayo, mpokee.